Kijiti cha Kuwashia Moto

Somo letu la leo latoka katika kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 3, habari ya usiku ule mtoto Samweli alipoitwa na Mungu. Mwenye Biblia na aifungue, na asiye nayo na asikilize.

Tuanze na jambo lililotupata hapa Kitengela, nalo si la kutupa sifa. Katika kanisa letu alikuwako kijana mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza simu na redio, karibu na steji ya matatu. Kwa miaka miwili alikaa benchi la nyuma, nasi tulimpa mkono mlangoni kila Jumapili. "Hujambo, kijana?" "Sijambo, Mchungaji." Mazungumzo yakaishia hapo.

Siku moja mzee wetu mmoja, mstaafu wa kiwanda cha saruji, alimpelekea redio yake iliyokuwa imenyamaza. Kazi ikachukua muda, basi mzee akaketi kwenye kigoda kungoja. Kijana alipokuwa akifungua skrubu, mzee akamwuliza habari za nyumbani. Kijana akainama, akasema, "Mzee, mama yangu tulimzika miezi minne iliyopita."

Miezi minne! Katika muda huo tulikuwa tumempa mkono zaidi ya mara kumi. Hakufarijiwa, hakuombewa, wala hakuchangiwa hata nauli ya kwenda mazishini. Tulipomwuliza kwa nini hakutuambia, alijibu pasipo hasira, "Mchungaji, ningeanza kumwambia nani?"

Ndugu wasikilizaji, swali hilo ndilo mazungumzo yetu ya leo. Kijana wa mjini, mambo yakimzidi, aanze kumwambia nani?

Mji wetu umekua upesi. Hapo zamani Kitengela ilikuwa mbuga ya malisho, ng'ombe wakichanganyika na nyumbu na pundamilia. Mashamba ya pamoja ya Wamaasai yaligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha watu wakaanza kununua viwanja. Viwanda vya Athi River vikavuta wafanyakazi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 mji ulikuwa na watu wapatao 58,000, na kufikia 2019 walikuwa zaidi ya 154,000. Wengi wametoka mbali: Ukambani, Nyanza, Magharibi, Mlima Kenya. Babu amebaki kijijini, shangazi yuko mji mwingine, na jirani wa ghorofani hatumjui jina. Kijana anaishi katikati ya umati, lakini hana mzee wake.

Sasa tupande gari kwenye barabara ya Namanga, tupite Isinya mpaka Kajiado, tukajifunze kwa wenyeji wa nchi hii. Wamaasai wana desturi ya marika. Vijana waliotahiriwa katika kipindi kimoja huwa rika moja maisha yao yote, na rika hufuatana na rika kwa muda wa miaka 15 hivi. Rika jipya linapoanzishwa haliachwi liende peke yake. Wazee huliwashia moto kwa njia ya kale: kijiti kigumu huzungushwa kwa viganja vya mikono juu ya kipande cha mti laini, mpaka cheche idondoke kwenye majani makavu. Kijiti hicho huitwa *olpiron*, na kwa jina hilo hilo huitwa wazee wanaowasha moto huo. Tangu siku hiyo wao ndio walezi wa vijana wale: huwashauri, huwakemea, huwabariki.

Lakini tuangalie vema ni wazee gani. Hawatoki katika rika linalowatangulia vijana moja kwa moja, maana marika mawili yanayofuatana hushindana: wa chini ataka nafasi, na wa juu hataki kuiachia. Moto huwashwa na rika la pili juu yao, yaani watu waliowazidi kwa miaka 30 hivi. Hao hawana la kugombea na vijana, ndiyo sababu wanaweza kuwa rafiki zao.

Hapa sisi wenyewe tumeonyeka. Sisi tuliopita miaka arobaini ndio tunaoshika vipaza sauti, funguo na vitabu vya hesabu kanisani, na mara nyingi ndio tunaovutana na vijana. Twadhani kazi ya kuwalea ni ya Mchungaji, kumbe pengine yule mstaafu mwenye redio mbovu anafaa kuliko sisi.

Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliandika sherehe tatu za marika ya Wamaasai, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa upesi usipotee. Hatusemi kila mila irudishwe. Ziko zilizowaumiza binti zetu, nasi twashukuru sheria imezikataza. Tena marika hayo ni ya wanaume, lakini katika Kristo binti naye apaswa kuwa na mlezi. Naomi alikuwa na Ruthu, na Timotheo alipokea imani kupitia bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Tunalojifunza Kajiado ni hili: ulezi haukuachwa utokee wenyewe. Kila kijana alijua nani amemwashia moto, na alijua kabla ya shida kufika.

Sasa turudi kwa Eli. Hakuwa mzee mkamilifu. Macho yake yalikuwa yamefifia, na wanawe mwenyewe walikuwa wamemshinda. Wako wazee wanaosema, "Wangu wamenishinda, wa wenzangu nitawaweza?" Eli angaliweza kusema hivyo. Lakini Samweli aliposikia sauti usiku alimkimbilia Eli, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alikimbia kwa sababu alijua hatafukuzwa.

Tena Eli hakuidai sauti ile kuwa yake. Alipotambua kwamba ni Bwana, alimfundisha mtoto namna ya kuitika, kisha akamwacha aende akasikie mwenyewe. Ndiyo kazi ya kijiti: huwasha, lakini moto ni wa rika jipya.

Kulipokucha Eli alitaka kusikia yote, asifichwe neno. Habari ilikuwa mbaya, nayo ilimhusu yeye na nyumba yake. Hakumpiga mtoto wala hakumwita mtovu wa adabu. Aliikubali kuwa imetoka kwa Bwana. Mwezi wa Juni 2024 vijana wengi wa Kenya walipotoka barabarani kupinga Muswada wa Fedha, baadhi yetu tuliuliza, "Watoto hawa wametoka wapi?" Walitoka nyumbani mwetu. Walikuwa na neno kwa muda mrefu, lakini hatukuwa tumeketi kwenye kigoda kulisikia.

Basi tufanyeje? Katika kanisa letu tumeanza na darasa la kipaimara. Kila kijana hupewa mzee mmoja, na kila binti mama mmoja, asiye mzazi wake, kwa jina, mbele ya kusanyiko. Twawaambia wazee wasianze na mawaidha. Mpelekee kijana simu yako akuonyeshe inavyotumika. Mpelekee kiatu akishone. Panda pikipiki yake umlipe nauli kamili. Mtu akihitajiwa hufungua moyo wake. Nanyi vijana, msingoje mpaka mchumbiwe au mfiwe ndipo mmtafute mzee. Mpitie leo, mkamsalimu.

Yule kijana angali na kibanda chake. Redio ya mzee ilipona siku ile ile, lakini mzee hupita pale kila Jumatano, akaketi kwenye kile kigoda. Wakati mwingine hawazungumzi sana.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwita Samweli na kumpa Eli wa kumfundisha kuitika, utusamehe mikono tuliyoitoa bila moyo. Uwape wazee wetu masikio na vijana wetu ujasiri wa kusema, wala moto wako usizimike kati yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.