Miji Midogo ya Urusi (3): Kargopol, mji uliopitwa na reli

Wiki iliyopita tuliifuata reli itokayo Vologda kwenda Arkhangelsk, iliyofunguliwa mwaka 1897. Leo tunashuka stesheni ya Nyandoma na kupanda basi kuelekea magharibi, kiasi cha kilomita 80, msitu kulia, msitu kushoto, hadi Kargopol. Mji huu wenye wakazi takriban 10,000 uko ukingoni mwa mto Onega, karibu na pale mto unapotoka Ziwa Lacha. Nyumba nyingi ni za magogo na magari ni machache. Mgeni aliyetoka Moscow hudhani mji umekuwa kimya hivi tangu jadi. Sivyo.

Kargopol ulikuwa mji wa chumvi. Katika karne ya 16, watu wa pwani ya Bahari Nyeupe walichemsha maji ya bahari mpaka ikabaki chumvi. Wafanyabiashara wa Kargopol waliinunua, wakaipandisha kwa njia ya mto Onega na kuiuza kusini. Samaki, kabichi na uyoga wa kuvukia majira ya baridi vyote viliitegemea. Aliyeishika njia ya chumvi aliishika akiba ya chakula cha watu. Utajiri huo ndio uliowezesha kujengwa, mwaka 1562, Kanisa Kuu la Kuzaliwa kwa Kristo kwa mawe meupe ya chokaa, katika nchi ambayo karibu kila jengo lilikuwa la mbao.

Lisogelee kanisa hilo. Madirisha ya chini yamekaribia kugusa ardhi, maana jengo limekuwa likididimia kwa karne nyingi. Kwenye pembe zake kuna nguzo nene za kuegemeza kuta, zilizoongezwa baada ya moto wa mwaka 1765 ulioteketeza sehemu kubwa ya mji. Malkia Catherine wa Pili alitoa fedha za kuujenga upya, na mitaa ikanyooshwa.

Lakini biashara ilikuwa imekwisha kuhama. St Petersburg, uliojengwa kuanzia mwaka 1703, uliivuta kuelekea Baltiki, na chumvi ya Ziwa Elton ikaingia sokoni. Wenye ari waliondoka. Aleksandr Baranov, mzaliwa wa Kargopol, alifanya biashara Siberia, kisha akasimamia makazi ya Warusi huko Alaska tangu 1790 hadi 1818. Reli ilipopita Nyandoma, mji ukabaki kando kabisa.

Kubaki kando kuliuumiza mji, na kuliuhifadhi pia. Pasipo fedha za kujenga vipya, vya zamani havikubomolewa. Vijijini sanaa ya udongo iliendelea: vyombo vilitolewa tanurini vikiwa vya moto na kuchovywa katika maji ya unga, vikapata rangi ya weusi na kahawia. Mabaki ya udongo yalifinyangwa vinyago vya watoto, akiwamo Polkan, nusu mtu nusu farasi. Ulyana Babkina wa kijiji cha Grinevo aliidumisha kazi hiyo hadi kifo chake mwaka 1977, na leo wafinyanzi wa Kargopol wanaiendeleza.

Hata hivyo, kimya peke yake hakilindi kitu. Katika kijiji cha Lyadiny, kanisa la mbao lililojengwa mwaka 1761 lilipigwa radi mwaka 2013 likateketea. Mbao zinahitaji fundi, mlinzi na fedha, na vijana wanaohamia mijini huondoka na mikono hiyo. Kwa hiyo anayekwenda Kargopol kutafuta utulivu tu anaiona nusu ya mji. Alale kwa wenyeji, anunue kinyago kwa mfinyanzi mwenyewe, aulize nani anatengeneza paa la kanisa. Utulivu anaoufurahia yeye, wenyeji wameulipia kwa kukosa ajira. Ni haki ziara yake iwaachie riziki.

Wiki ijayo tutakwenda Hifadhi ya Taifa ya Kenozero, iliyoanzishwa mwaka 1991, kuona jinsi vijiji vilivyo ndani yake vinavyojaribu kulitatua tatizo hilohilo.

(Itaendelea)