Gati Kwanza, Meli Baadaye

Jamaa wanaoazimia kusafiri ziwani huulizia kwanza meli: vyumba vyake na nauli yake. Katika Ziwa Tanganyika, lenye urefu upatao kilomita 670, la kutangulizwa ni gati. Kigoma na Mpulungu zinayo. Vijiji vingi havina. Meli ya Liemba, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, ilizoea kutia nanga mbali na ufuko, abiria wakateremkia mitumbwini, mara nyingine usiku, mama akimpokeza mtoto kwa mtu asiyemjua. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi waliipanda hivyo hivyo huko Kagunga. Mwenye mzee, mgonjwa au kitoto kichanga na ashukie penye gati, ijapokuwa atachelewa siku nzima kufika kwao.