Mandari ya Baba na Mama

Ndugu msomaji, je, baba na mama yako wameishi pamoja kwa miaka mingapi? Labda ni miaka 30. Labda ni 40 au 50. Katika miaka hiyo wamelima, wamelea watoto, wameuguzana na wamezika ndugu zao. Kazi hiyo ni kubwa. Inafaa watoto wao wawashukuru wakiwa bado hai, wakiwa wanaona na kusikia.

Lakini watoto wengi husema, "Hatuna fedha za sherehe. Tungoje mwaka ujao." Mwaka ujao hufika, nao husema hivyo hivyo. Kisha siku moja mzee mmoja hufariki. Hapo fedha za mazishi hutafutwa, nazo hupatikana. Ng'ombe huchinjwa na watu wengi hula, lakini mwenyewe hayupo.

Somo hili linaeleza jinsi ya kuwaandalia wazee siku yao kwa gharama ndogo. Siku hiyo tutaiita mandari. Mandari ni matembezi ya kwenda mahali pazuri pa wazi, kukaa, kula na kuzungumza. Haihitaji ukumbi wala muziki wa kukodi. Kivuli cha mti, chakula cha kutosha na watu wanaopendana vinatosha.

SHEREHE ISILETE NJAA

Wako watu wanaouza chakula cha ghalani ili wafanye sherehe kubwa. Tufikirie gunia moja la mahindi la kilo 100. Gunia hilo linaweza kulisha nyumba ya watu watano kwa karibu mwezi mzima. Ukiliuza baada ya mavuno, bei huwa ya chini. Ukitaka kununua mahindi mengine mwezi wa Februari, bei huwa ya juu. Basi sherehe ya siku moja imekula chakula cha mwezi mmoja.

Wengine hukopa. Wageni wakishaondoka, deni hubaki. Wazee wakijua kwamba mtoto wao anadaiwa kwa ajili yao, furaha yao huisha.

Kwa hiyo tushike jambo moja. Siku ya wazee ipimwe kwa nguvu za wazee na kwa mfuko wa watoto. Isipimwe kwa macho ya majirani.

WAZEE WAULIZWE KWANZA

Watoto wakutane na kushauriana. Kisha waende kwa wazee na kusema kwa heshima:

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Sisi watoto wenu tumefikiri kuwashukuru kwa miaka mliyokaa pamoja. Tungependa tukae nanyi siku moja, tule na tuzungumze. Je, ninyi mnapenda iwe namna gani?"

Halafu sikilizeni. Huenda ninyi mlifikiria mbuzi na ngoma. Huenda mama anataka kumwona mdogo wake anayekaa kijiji cha mbali, ambaye hajamwona kwa miaka mingi. Nauli ya huyo mama mdogo ni ndogo kuliko bei ya mbuzi. Lakini kwa mama, kufika kwake kunazidi nyama yote. Huenda baba anataka kufika tena kwenye shamba la kwanza alilofyeka alipokuwa kijana. Mambo hayo hamwezi kuyajua bila kuuliza.

Kama baba ana wake wawili, shaurianeni na mama wote wawili. Msihesabu miaka ya mmoja na kumsahau mwingine. Na kama mzee mmoja amekwisha fariki, aliyebaki naye anaweza kufanyiwa siku yake. Yeye ndiye anayekumbuka zaidi.

KUTAFUTA MWAKA WA NDOA

Ndoa nyingi za zamani hazikuandikwa. Wazee wengi hawajui tarehe. Lakini wanakumbuka mambo yaliyotokea wakati ule. Tumia mambo hayo kama vigingi vya kufungia kamba. Haya ni baadhi yake:

1961 – Tanganyika ilipata Uhuru, tarehe 9 Desemba.
1964 – Tanganyika na Zanzibar ziliungana, tarehe 26 Aprili.
1967 – Azimio la Arusha lilitangazwa.
1974 – Watu wengi walihamishiwa katika vijiji.
1978 hadi 1979 – Vita vya Kagera.
1984 – Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki, tarehe 12 Aprili.

Tuone mfano. Mama anasema, "Tulipohamia kijijini mwaka ule wa kuhama, nilikuwa na mtoto wa kwanza mgongoni. Alikuwa ndiyo kwanza anaota meno." Kuhama kulikuwa mwaka 1974. Basi mtoto alizaliwa mwaka 1973 au mwanzoni mwa 1974. Baba anaongeza, "Tulikaa mwaka mmoja kabla ya kupata mtoto." Basi ndoa yao ilikuwa mwaka 1972 hivi. Sasa chukua mwaka huu tuliomo, utoe 1972. Jibu ndilo miaka waliyokaa pamoja.

Kama mwaka haupatikani sawasawa, si neno. Chagueni siku moja na muifanye kuwa siku yao. Iandikeni, ili wajukuu wasitafute tena.

KUCHAGUA SIKU NA MAHALI

Sehemu nyingi za Tanzania hazina mvua kubwa kati ya Juni na Agosti. Wakati huo kazi za shamba hupungua, na chakula huwa ghalani. Huo ni wakati mzuri. Kwenu kama mvua hunyesha miezi hiyo, chagueni majira yenu ya kiangazi.

Mahali pasiwe mbali na nyumba. Miguu ya mzee ndiyo ipime njia. Kama mama hupumzika mara mbili anapokwenda kisimani, msimpeleke mbali kuliko kisima. Kama njia ni ndefu, tafuteni baiskeli, mkokoteni au gari la kuaminika, na mpange mapema pia jinsi ya kurudi.

Mtu mmoja aende kukagua mahali siku moja kabla. Aangalie mambo haya:

1. Je, kivuli kinakaa mpaka saa 9 alasiri? Jua huhama, na kivuli huhama nalo.
2. Je, mti una matawi makavu, nyuki au nazi zinazoweza kuanguka?
3. Je, chini kuna siafu au mashimo?
4. Je, choo kiko karibu? Wazee wengi huenda haja mara kwa mara, nao huona haya kusema.

Pelekeni viti vyenye egemeo. Mzee akikaa chini kwenye mkeka kwa muda mrefu, hupata taabu kuinuka. Mkeka uwe wa vijana na watoto. Pelekeni pia khanga au shuka ya kumfunika mzee kukiwa na upepo.

Anzeni saa 4 asubuhi. Kuleni saa 6 mchana. Saa 9 wazee wawe wamerudi nyumbani. Siku fupi iliyopendeza ni bora kuliko siku ndefu iliyochosha.

HESABU YA GHARAMA

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Basi chukua daftari. Andika kila kitu kabla ya kwenda dukani.

Tuseme kuna watu 20, na watoto wanaochanga ni watano. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Wewe andika bei za kwenu.

Mchele kilo 4, kila kilo sh. 3,000 – sh. 12,000
Maharage kilo 2, kila kilo sh. 3,000 – sh. 6,000
Mafuta ya kupikia lita 1 – sh. 6,000
Nyanya, vitunguu na chumvi – sh. 3,000
Sukari kilo 1 – sh. 3,000
Majani ya chai – sh. 1,000
Sabuni – sh. 1,000
Nauli ya mama mdogo, kuja na kurudi – sh. 10,000
Jumla – sh. 42,000
Akiba ya jambo la ghafla – sh. 8,000
Jumla kuu – sh. 50,000

Gawanya sh. 50,000 kwa watoto watano. Kila mmoja atatoa sh. 10,000. Mkianza miezi mitano kabla, kila mmoja ataweka sh. 2,000 kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

Vitu vingine havinunuliwi. Kuku watatu watoke bandani. Mchicha, mapapai na ndizi vitoke shambani. Sufuria na viti viazimwe kwa jirani, na virudishwe vikiwa safi. Asiye na fedha alete kuni au achote maji. Mchango wake uandikwe katika daftari kama wa wengine. Aliye mjini anaweza kutuma mchango wake kwa simu. Mtu mmoja ashike fedha, na mwingine ashike daftari. Siku ikipita, hesabu isomwe mbele ya wote.

CHAKULA CHA WAZEE

Chakula kiwe laini. Mzee aliyepoteza meno hawezi kutafuna nyama ngumu. Kuku wa kienyeji achemshwe mpaka nyama iachane na mfupa. Chumvi iwe kidogo, hasa kwa mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu. Mwenye ugonjwa wa kisukari apewe chai isiyo na sukari. Kama anatumia dawa za kisukari, asicheleweshewe chakula, maana sukari ya mwili inaweza kushuka na akaishiwa nguvu. Dawa za wazee zichukuliwe, na mtu mmoja akumbuke saa zake.

Kuharisha kunamwumiza mzee kuliko kijana, kwa sababu mwili wake huishiwa maji upesi. Kwa hiyo fuateni mambo haya:

1. Chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote. Yawekeni katika chombo safi chenye kifuniko.
2. Kila mtu anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kabla ya kupika na kabla ya kula.
3. Pikeni asubuhi ileile, msipike jana yake. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kabla ya kuliwa.
4. Funikeni chakula kwa kitambaa safi ili nzi wasitue.

Mkipikia hapo hapo mandarini, wekeni mafiga upande ambao upepo hautapeleka moshi kwa wazee. Kabla ya kuondoka, mwagieni moto maji mpaka majivu yapoe. Kiangazi nyasi ni kavu, na cheche moja huweza kuchoma mashamba.

MAMA ASIPIKE

Jambo hili husahauliwa mara nyingi. Watoto hufanya sherehe ya wazazi, lakini mama ndiye huamka alfajiri kuwasha moto. Ndiye huchota maji na ndiye huosha vyombo. Akiketi, wageni wameanza kuaga.

Siku hiyo mama akae kitini karibu na baba. Mabinti na wakwe wapike. Wana wa kiume wachote maji, wapasue kuni na waoshe vyombo. Hakuna mwanamume aliyepungukiwa na kitu kwa sababu ya kuosha sahani aliyolia mama yake.

DAFTARI LA WAZEE

Sasa tumefika kwenye zawadi. Ndugu msomaji, wewe umejifunza kusoma na kuandika. Unaweza kuwapa wazee wako kitu ambacho hakiuzwi dukani. Baada ya kula, kaa karibu nao ukiwa na daftari na kalamu. Waulize polepole:

1. Mlionana wapi mara ya kwanza?
2. Mahari ilikuwa nini, na nani alikuwa mshenga?
3. Nyumba yenu ya kwanza ilikuwa wapi?
4. Mwaka gani ulikuwa mgumu kuliko yote, na mliushindaje?
5. Babu na bibi zenu waliitwa nani?
6. Mnatuachia neno gani?

Andika maneno yao kama wanavyoyasema. Usiwasahihishe. Wakibishana juu ya jambo fulani, andika maneno ya wote wawili. Kama mmoja atanyamaza au kulia, weka kalamu chini na ungoje. Katika miaka mingi pana watoto waliokufa na mambo yenye uchungu. Asiyetaka kusema asilazimishwe.

Ukimaliza, wasomee kwa sauti yale uliyoandika. Waache warekebishe palipokosewa. Wajukuu nao watasikia. Wengi wao watakuwa wanasikia habari hizo kwa mara ya kwanza.

Andika tarehe mwishoni na majina ya wote waliokuwapo. Funga daftari katika mfuko wa nailoni na ulitunze mahali pakavu, mbali na mchwa. Wali utakwisha siku ileile. Daftari litasomwa na watoto ambao bado hawajazaliwa.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika kijiji chetu, fedha nyingi hutumika wakati mzee yu hai au baada ya kufa? Kwa nini?
2. Wazazi wako walioana mwaka gani? Eleza ulivyoupata mwaka huo.
3. Tengeneza hesabu ya mandari ya watu 15 kwa bei za kijiji chenu. Kila mtoto atachanga kiasi gani?
4. Ni kazi gani ambazo wanaume wa darasa hili wako tayari kuzifanya siku hiyo?
5. Leo jioni muulize mzee mmoja swali moja kati ya yale sita. Andika jibu lake, ulilete darasani.