Kijiko, chupa na dozi: Kosa si la mzazi kila mara

MZAZI anapompa mtoto dawa kupita kiasi, lawama humwangukia yeye. Husemwa kwamba hakusoma maandishi au hakusikiliza maagizo. Lakini ipo taaluma ambayo huuliza swali jingine kwanza: Je, chupa hiyo, maandishi yake na kipimo chake vilitengenezwa kwa kumfikiria mtu atakayevitumia?

Hii ni taaluma ya usanifu unaomzingatia mtumiaji. Wataalamu wake huwatazama watu wakitumia kifaa, hutambua wanapotatizika, kisha hukirekebisha kifaa badala ya kumkaripia mtu.

Chanzo chake

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa ndege za Kimarekani aina ya B-17 walikuwa wakikunja magurudumu ilhali ndege imekwisha kutua. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aligundua kwamba swichi ya magurudumu na ile ya vibawa vya kupunguzia mwendo zilifanana na zilikaribiana. Dawa yake ilikuwa kuzipa maumbo tofauti, moja kama gurudumu na nyingine kama kabari, ili rubani azitambue kwa kuzigusa tu.

Leo wengi wa wasanifu hawa wako katika kampuni za kompyuta na simu, ambako baadhi yao walipoteza kazi wafanyakazi walipopunguzwa miaka ya 2022 na 2023. Katika tiba, hata hivyo, umuhimu wao umeongezeka.

Kati ya 2005 na 2009, shirika la FDA linalosimamia dawa na vifaa vya tiba nchini Marekani lilipokea ripoti zipatazo 56,000 za matatizo ya mashine za kutia dawa mshipani. Liligundua kwamba mengi yalitokana na jinsi mashine zenyewe zilivyoundwa. Mwaka wa 2016 lilitoa mwongozo wa kuwataka watengenezaji wavijaribu vifaa kwa watumiaji halisi kabla ya kuviuza.

Dawa za nyumbani

Hatari kama hiyo ipo pia nyumbani. Nchini Marekani, paracetamol ya maji iliuzwa zamani kwa nguvu mbili. Matone ya watoto wachanga yalikuwa makali zaidi ya mara tatu, kwa kila mililita, kuliko dawa ya watoto wakubwa. Mzazi aliyepima matone hayo kwa kijiko cha dawa ile nyingine aliweza kuliharibu ini la mtoto. Mwaka wa 2011 watengenezaji walitangaza kuyaacha matone hayo na kubaki na nguvu moja. Ni chupa iliyobadilishwa, si mzazi.

Kipimo chenyewe pia kina walakini. Uchunguzi uliofanywa Athens, Ugiriki, na kuchapishwa 2010 ulipima vijiko vya chai vya nyumbani. Kidogo kabisa kilibeba mililita 2.5 na kikubwa kabisa mililita 7.3. Kwa hivyo anayeambiwa "kijiko kimoja" anaweza kutoa nusu ya dozi ya mililita 5, au karibu dozi moja na nusu, na bado akawa ametii maagizo! Mwaka wa 2015 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza kwamba dozi za dawa za maji ziandikwe kwa mililita pekee.

Ufanye nini?

* Pima dawa kwa sirinji isiyo na sindano, au kwa kikombe kilichokuja na chupa. Weka kando kijiko cha jikoni.

* Mwombe mwuza dawa akuandikie dozi kwa mililita.

* Usitumie kikombe cha dawa moja kupimia nyingine.

* Ukinunua dawa ya kampuni tofauti, tazama ina miligramu ngapi katika kila mililita 5.

* Ukishuku kwamba mtoto amezidishiwa paracetamol, usingoje dalili. Ini laweza kuwa linadhurika ilhali mtoto anacheza. Mpeleke hospitalini mara moja, na ubebe chupa.

Mwisho, maandishi ya dawa yakikutatiza, usione haya kuuliza. Huenda aliyeyaandika hakukufikiria wewe.