Mzazi, huhitaji Kiingereza kumsaidia mwanao kupanga insha

Kyela. Saa mbili usiku, katika nyumba nyingi za Ipinda, Matema au Kyela mjini, kuna mtoto wa sekondari aliyeinamia daftari. Mwalimu amempa insha ya utafiti: achunguze jambo moja la eneo lake, akusanye taarifa, aandike kurasa tatu au nne na kuzikabidhi baada ya wiki mbili. Utangulizi ameshauandika, tena mara tatu. Hitimisho halimpi shida, kwa sababu yote hufanana. Katikati ndiko hakuna kitu.

Mama aliyeketi pembeni akichambua mchele anaona kabisa kuwa mambo hayaendi. Lakini insha ni ya Kiingereza, na yeye aliishia darasa la saba. Anamwambia mwanawe akaze, asilale mapema, kisha anarudi kwenye ungo wake. Nusu saa baadaye mtoto anaomba simu "atafute kitu kidogo". Kinachoingia daftarini ni aya tano zilizonakiliwa neno kwa neno, zinazoeleza mafuriko ya Bangladesh, wakati nyuma ya nyumba yao Mto Mbaka umejaa hadi ukingoni.

Hasara hapo si ya alama peke yake. Mtoto ameshajifunza kwamba elimu iko mbali, na kwamba nyumbani kwao hakuna anayejua jambo linalofaa kuandikwa. Mama naye ameshajiondoa, ingawa ndiye anayejua maji yalifika wapi mwaka gani.

Kiini cha insha, yaani zile aya za katikati zinazobeba hoja, hakianzi na Kiingereza. Huanza na kufikiri, na mtoto wa Kyela hufikiri kwa Kiswahili, au kwa Kinyakyusa akiwa na bibi yake. Mpango wa insha unaweza kuzungumzwa wote jikoni, ukaandikwa kwa Kiswahili nyuma ya daftari, na kuhamishiwa Kiingereza siku ya mwisho. Anayejaribu kufikiri, kutafsiri na kupanga kwa wakati mmoja huchoka kabla ya aya ya pili.

Droo zenye majina, ndani hamna kitu

Tuseme swali ni lile la kawaida kwa shule za bonde hili: chunguza mafuriko katika wilaya yako. Wanafunzi wengi watapanga hivi: utangulizi, sababu za mafuriko, athari za mafuriko, njia za kuzuia mafuriko, hitimisho. Unapendeza kuutazama. Lakini ni kabati lenye droo zilizobandikwa majina, na ukizivuta hamna kitu. Mpango huohuo ungeweza kutumika Kilosa, Rufiji au Beira bila kubadilishwa herufi.

Tatizo ni kwamba "sababu za mafuriko" si hoja, ni kichwa cha habari. Hoja ni sentensi kamili ambayo jirani anaweza kuibishia. Mtoto akiandika "Kyela hufurika hata siku ambayo Kyela yenyewe haikunyesha", hapo amesema jambo. Mtu anaweza kumwambia si kweli, naye atalazimika kuonyesha amejuaje. Ubishi huo ndio unaoipa aya kazi ya kufanya.

Mazoea ya kukariri yana sehemu yake katika hili. Watoto wamezoea kuambiwa "taja pointi sita", na kwa mtihani wa saa chache zoezi hilo lina faida zake. Insha ya utafiti ni kazi nyingine. Aya nne zenye ushahidi hushinda sita zilizoorodheshwa kama bidhaa za dukani.

Maswali matatu ya jikoni

Mzazi hahitaji kujua jiografia. Anahitaji kuuliza maswali matatu, kwa kila aya, na asikubali jibu la juujuu. Unasema nini? Umejuaje? Kwa hiyo?

Swali la kwanza huzaa hoja. Mtoto ajibu kwa sentensi moja. Akihitaji tatu, huenda ana aya mbili zilizobanana. Swali la pili huzaa ushahidi. Ushahidi ni aliloliona mwenyewe, aliloambiwa na mtu anayejua, au alilosoma mahali panapotajika. "Kila mtu anajua" haimo katika hayo. Kwa aliyeambiwa, aandike palepale aliambiwa na nani, wapi na tarehe gani, na amwombe mtu huyo ruhusa ya kutaja jina lake. Wiki mbili baadaye hatakumbuka.

Swali la tatu ndilo linalorukwa na karibu kila mtoto, na huko ndiko aya nyingi hufia. Mtoto anaandika kwamba Tukuyu iko juu ya Ziwa Nyasa kwa zaidi ya mita 1,000, halafu anaweka nukta na kwenda aya nyingine. Kwa hiyo? Kwa hiyo maji yanayoanguka milima ya Rungwe yana mteremko mkali na njia fupi ya kufika bondeni. Kwa hiyo mtu wa Kyela anaweza kulala mbingu zikiwa safi na kuamka maji yakiwa mlangoni. Sasa takwimu imefanya kazi. Bila "kwa hiyo", ni namba tu.

Mpango mmoja, kutoka juu hadi ziwani

Kwa maswali hayo, mpango wa aya za katikati unaweza kuchukua sura hii. Kwanza, hoja kuu ya insha nzima: mafuriko ya Kyela huanzia milimani, lakini ukubwa wa hasara huamuliwa na mahali watu wanapojenga na kulima bondeni. Sentensi hiyo ikae juu ya ukurasa, na kila aya iulizwe inaisaidia vipi.

Aya ya kwanza ibebe ile hoja ya mvua ya juu. Ushahidi ni tofauti ya mwinuko, pamoja na daftari dogo ambalo mtoto anaweza kulianza leo: kwa siku kumi aandike kama imenyesha nyumbani na kama mto umepanda. Shule yenye kipimo cha mvua itamsaidia zaidi. Siku kumi hazithibitishi mambo ya miaka, na aseme hivyo katika aya yenyewe. Mwalimu makini hupenda mwanafunzi anayejua mipaka ya alichopima.

Aya ya pili ifuate maji yanapofika tambarare. Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe zote humwaga maji yake ziwani kupitia bonde hili. Mto unaoteremka kwa kasi hubeba mchanga na tope. Ukifika palipo sawa hupunguza mwendo na kuuacha mzigo. Kitanda cha mto hujaa, maji hutafuta pengine pa kupita, na mara nyingine mto huhama kabisa. Mto Songwe ni mpaka wa Tanzania na Malawi, na kuhamahama kwake ni miongoni mwa mambo yaliyozifanya nchi hizo mbili ziwe na mpango wa pamoja wa bonde la mto huo. Kwa hiyo? Kwa hiyo ramani ya zamani na macho ya leo vinaweza kutofautiana, na mtoto ana sababu ya kwenda kumuuliza mzee wa Katumba Songwe mto ulipita wapi alipokuwa kijana.

Aya ya tatu ndiyo inayotofautisha insha ya kawaida na nzuri, kwa sababu inapingana na mwandishi mwenyewe. Tope lile lililovamia shamba ndilo lenye rutuba inayoupa mpunga wa Kyela nguvu. Mkulima wa Ngonga au Kajunjumele anajua kuwa bonde lisilopata maji kabisa halimfai. Basi mafuriko ni adui au ni mbolea? Mtoto asikimbie swali hilo. Alipe aya nzima, na mama mwenye ungo mkononi ana mengi ya kuliambia: shamba lipi lilizaa vizuri baada ya maji, lipi lilisombwa, na maji yalikaa siku ngapi kabla mpunga haujaoza.

Aya ya nne irudi kwenye hasara. Kama maji hayohayo yanaweza kuneemesha shamba na kubomoa nyumba, tofauti iko wapi? Hapa mtoto anaweza kutumia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Achukue kamba iliyopimwa, siku ya kiangazi na akiwa na mtu mzima, aone ni nyumba na bustani ngapi za kitongoji chake ziko ndani ya mita hizo. Hesabu ya kitongoji kimoja, ikielezwa kwa uaminifu kuwa ni ya kitongoji kimoja, ina uzito kuliko maneno makubwa kuhusu tabianchi ya dunia.

Mpangilio wenyewe haukutoka hewani. Umefuata maji: mlimani, tambarare, shambani, mlangoni. Kuna jaribio jepesi la kujua kama aya zimeshikana. Mtoto aandike kila hoja kwenye kipande chake cha karatasi, avichanganye, kisha mdogo wake avipange. Kama kila mpangilio unaonekana sawa, aya hizo zimekaa pamoja kama abiria wa daladala, hazijuani.

Daftari nyingi si kitabu

Watoto wengine wana tatizo la kinyume: wamekusanya mno. Wamehoji watu tisa, wamepiga picha, na sasa wanataka kila kitu kiingie. Wilaya hii ina mfano wa zamani unaowafaa. Kati ya mwaka 1934 na 1938, wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi miongoni mwa Wanyakyusa na kuandika shehena ya daftari kuhusu ndoa, mazishi, mashamba, dini na utawala. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica alipotoa kitabu mwaka 1951, hakumwaga daftari zote ndani yake. Alichagua jambo moja, vijiji vya rika, ambamo vijana wa umri mmoja walijenga na kuishi pamoja mbali na wazazi wao, na kulifuata jambo hilo hadi mwisho. Mambo mengine, kama matambiko, aliyaandikia vitabu vyao.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu hana miaka kumi na saba ya kungoja, lakini anaweza kufanya uchaguzi huohuo kwa jioni moja. Taarifa isiyojibu "kwa hiyo?" ya aya yoyote ibaki daftarini, hata kama ilimgharimu nauli ya kwenda Itungi.

Mada nazo si mafuriko tu. Kakao, zao ambalo wilaya hii inasifika nalo nchini, inaweza kupangwa kwa kufuata punje kutoka mtini hadi mnadani. Vyungu vya Wakisi wa Ikombe, vinavyofika Matema kwa mitumbwi, vinaweza kufuatwa kutoka kwenye udongo hadi jikoni kwa mnunuzi. Kila mada ina njia yake, na njia hiyo ikionekana, aya huwa zimeshajipanga nusu.

Simu isifukuzwe mezani, ila ijue zamu yake. Programu za akili mnemba hutoa mpango wa insha kwa sekunde chache, nao huwa mzuri kwa macho: sababu, athari, suluhisho. Zile droo tena. Haziwezi kujua bibi wa Lusungo alisema nini juzi. Mtoto akishakuwa na hoja zake nne na ushahidi wake, aitumie kutafuta kifungu cha sheria au maana ya neno la Kiingereza, na akihakiki alichopewa.

Na mpango usigeuzwe amri. Tuseme mtoto ameandika, katika aya ya nne, kwamba waliobomolewa nyumba walijenga karibu mno na mto kwa ukaidi. Kisha Jumapili baada ya ibada anamuuliza babu, naye anamwambia nyumba ile ilijengwa mbali kabisa na maji. Mto ndio uliosogea. Sasa hoja yake imepasuka, na zimebaki siku nne. Atatamani kuficha alichoambiwa. Mzazi amwulize tena, kwa sauti ileile ya kawaida: sasa unasema nini? Kisha amtafutie kifutio.