Ngoma ya Tukuyu yataka duara, si meza kuu

Kila inapotangazwa wikendi ya ngoma na maigizo katika mji kama Tukuyu, mjadala huanzia pale pale: je, vijana bado wanazipenda ngoma za babu zao? Swali hilo halitufikishi mbali. Wilaya ya Rungwe haijawahi kupungukiwa na watu wanaojua kuimba, kucheza na kuigiza. Kinachopungua ni nafasi ya kufanya hivyo mpaka mwisho. Kikundi kimetoka kijijini kikiwa kimebanana ndani ya gari la kukodi, kimefanya mazoezi kwa wiki kadhaa, kinapewa dakika tano mbele ya meza kuu, na kabla wapigaji hawajapata moto mshereheshaji anakishukuru na kuita kingine. Waliokaa chini ya turubai wameona vizuri, waliosimama nyuma ya kamba wameona migongo. Sanaa za maonyesho si bidhaa ya kupelekwa Rungwe kutoka mjini. Zimo ndani ya ngoma yenyewe, na tamasha huzikuza au huziua kwa mambo mawili yanayodhaniwa madogo: muda unaotolewa, na mahali watazamaji wanapowekwa.

Ushahidi wa kwanza uko misibani. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, kati ya 1934 na 1938, waliandika kwa kirefu kuhusu mazishi, na kitabu cha Monica cha mwaka 1957 juu ya mila za ukoo kinayaeleza hatua kwa hatua. Wanawake walilia na kuomboleza, wanaume wakacheza na mikuki wakikanyaga ardhi kwa kishindo, na kadiri muda ulivyokwenda huzuni ililegea, vijana wakashika uwanja, watu wakarudi polepole kwenye maisha ya kawaida. Hapo pana mgawanyo wa nafasi kati ya wanaume na wanawake, pana mvutano kati ya kifo na uhai, pana kilele, na wanaoondoka hawana hali ile waliyokuja nayo. Hiyo ni tamthilia kamili, ingawa hakuna aliyekata tiketi. Lakini isingewezekana kwa dakika tano, kwa sababu kazi yake yote ilikuwa kumvusha mtu kutoka hali moja hadi nyingine, na moyo wa binadamu hauvushwi kwa saa ya mkononi ya mshereheshaji.

Ushahidi wa pili uko katika neno ambalo Monica Wilson alilijengea kitabu kizima mwaka 1951: ukwangala, yaani kufurahia kuwa pamoja na wenzako, kula, kunywa na kuzungumza na watu wa rika lako. Alieleza jinsi Wanyakyusa walivyounda vijiji vya rika, vijana wakijenga mahali pao na kukua pamoja, na jinsi ukwangala ulivyohesabiwa kuwa miongoni mwa tunu kubwa za maisha. Neno hilo linatuambia jambo muhimu kuhusu hadhira. Katika ukwangala hakuna mtazamaji mtupu. Anayekaa ndiye atakayeitikia, na anayeitikia sasa ndiye atakayeingia uwanjani baadaye. Duara ndilo umbo la ukwangala, maana kila aliye ukingoni anaiona sura ya mwenzake ng'ambo ya pili. Meza kuu ina umbo jingine: upande mmoja wa kutazamwa, na wachezaji wanaogeuka wote kuelekea huko kama wanafunzi mstarini.

Wapo watakaosema hayo ni ya kale, na kwamba Rungwe ya leo ni ya kanisa, si ya mikuki. Ni kweli kwamba Wamoraviani walianzisha misheni yao Rungwe mwaka 1891, na kwamba wamisionari wengi hawakuzitazama ngoma kwa jicho jema. Lakini kanisa lilipozuia onesho moja lilileta mengine, na yaliyoletwa yamestawi kwa sababu ile ile ninayoitetea. Kwaya haikatizwi katikati ya wimbo. Matarumbeta ya Kimoraviani yana nafasi yake isiyogombewa, na ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini, desturi ya Wamoraviani tangu Ujerumani ya karne ya 18, huwakusanya waumini gizani ili jua liwakute wakiimba habari ya ufufuo. Anayeishangaa nguvu ya ibada hiyo na aulize imepewa nini: mahali penye maana, saa yenye maana, na watu ambao wote ni washiriki. Kwa hiyo kanisa halitoi ushahidi dhidi ya ngoma. Linatoa ushahidi wa namna onesho linavyodumu.

Basi tulipotea wapi? Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere akilihutubia Bunge kwa mara ya kwanza kama Rais, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba wasomi wa nchi walijua dansi za Ulaya kuliko ngoma za kwao. Nia ilikuwa njema na ngoma zikapata heshima mbele ya dola. Lakini heshima hiyo ilikuja na ratiba ya dola. Ngoma ikahamia viwanja vya ndege, mapokezi ya Mwenge na sherehe za kitaifa, mahali ambapo kazi yake ni kumkaribisha mgeni na kumpisha mara anapofika. Kidogo kidogo hata wacheza ngoma wenyewe wakajifunza kutunga kwa kipimo cha mapokezi: kuingia kwa kasi, mtindo mmoja wa kuvutia, sifa kwa mgeni rasmi, kutoka. Tunapoalika ngoma hiyo iliyokatwa kwenye tamasha la wikendi, kisha tukalalamika kwamba zote zinafanana, tunailaumu nguo kwa kazi ya mkasi.

Nchi hii hii inayo mifano ya kinyume. Jijini Dar es Salaam, katika miaka ya 1980 na 1990, vikundi kama Muungano Cultural Troupe na baadaye Tanzania One Theatre, kilichoundwa mwaka 1992 na kuongozwa na Kapteni John Komba, viliwapa watu onesho la mwisho wa wiki lililochanganya ngoma, taarabu, vichekesho, sarakasi na maigizo. Lilichezwa kwenye kumbi za baa, likaanza mchana na kwenda hadi usiku, na watu wa kipato cha chini walilipa kiingilio, wakakaa, wakainuka kuwatuza wasanii waliowagusa. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Wasukuma hufanya Bulabo kila mwaka baada ya sikukuu ya Ekaristi, na jumuiya mbili za wacheza ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Mwamuzi ni umati: aliyewavuta watu wengi upande wake ndiye mshindi. Hapo mtazamaji hupiga kura kwa miguu yake, na msanii hujua papo hapo iwapo ameshindwa kumshika.

Pingamizi zito zaidi ni la waandaaji. Vikundi ni vingi, wikendi ni siku mbili, na kila kata inataka kuonekana. Tamasha la ngoma za jadi la Tulia Trust, taasisi ya Dkt. Tulia Ackson aliyezaliwa Rungwe, liliwahi kuukusanya mji wa Tukuyu kwa ngoma za makundi mengi, na yeyote aliyewahi kupanga ratiba ya namna hiyo anajua kwamba kumnyima mtu dakika zake ni kuanzisha ugomvi. Pingamizi hili ni la haki, ila linachukulia kwamba uwanja ni mmoja na vikundi lazima vipite humo kimoja kimoja. Bujora inaonyesha kwamba si lazima. Uwanja wa mpira unabeba maduara matatu au manne bila shida, kila duara likipewa nusu saa au zaidi, na watu wakatembea kutoka moja hadi jingine kama wanavyofanya sokoni. Vipaza sauti vitapunguzwa, na hiyo ni faida, kwa kuwa ngoma kubwa za ing'oma hazijawahi kuhitaji spika ili zisikike.

Pingamizi la pili linahusu zawadi. Husemwa kwamba mashindano ndiyo yanayoleta vikundi, na mashindano yanahitaji majaji, majaji wanahitaji kuketi mbele na kuona kila kikundi kwa kipimo kimoja. Sipingi zawadi, Waswahili walishasema mcheza kwao hutuzwa. Ninachopinga ni kipimo kinachotazama sare, mistari iliyonyooka na ukamilifu wa muda, kikaacha kuuliza kama hadhira iliitikia. Majaji waingie ndani ya duara, wahesabu waliokaa hadi mwisho, wasikilize kama watu wanajibu wimbo au wanachezea simu. Sehemu ya zawadi itoke mikononi mwa watazamaji wenyewe kwa njia ya kutuza, ili pesa imfikie mpigaji aliyetoka jasho na si mweka hazina wa kikundi peke yake.

Wengine watahofu kwamba kuipa ngoma nafasi zaidi ni kuigeuza makumbusho. Historia inawajibu. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alionyesha jinsi ngoma za Afrika Mashariki zilivyoiga bendi, vyeo na gwaride la wakoloni na kuvifanya vyao. Mganda na malipenga, zilizoenea kandokando ya Ziwa Nyasa, zimebeba hatua za askari hadi leo. Kilichogeuzwa makumbusho ni ile ngoma ya dakika tano, kwa sababu haina muda wa kujaribu jambo jipya. Mchezaji mwenye nusu saa ndiye anayeweza kuingiza kisa cha wiki hii, kumtania diwani, au kuazima mdundo wa vijana wa stendi na kuona kama umekubaliwa.

Linabaki swali la tamthilia zenyewe, zile zenye wahusika na mazungumzo. Je, duara halizisahau? Tangu Ebrahim Hussein alipochapisha Kinjeketile mwaka 1969, watunzi wetu bora wamekuwa wakizikaribia mila za masimulizi na ngoma badala ya kuzikimbia. Mwaka 1982 na 1983, Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, Mwanza, wakaunganisha ngoma za huko na maigizo ili kijiji kijadili mimba za wasichana wa shule. Wasanii hawakuja na hati iliyoandikwa. Igizo lilitoka katika mazungumzo ya wenyeji na likarudi kwao kujadiliwa. Rungwe ina mambo yake yanayosubiri duara la namna hiyo: bei ya majani ya chai, mikataba ya parachichi, urithi wa mashamba yanayozidi kumegwa. Ina pia Chuo cha Ualimu Mpuguso na shule nyingi zenye vijana wa kuigiza. Igizo la dakika 40 kati ya ngoma mbili, bila jukwaa la mbao, ni jambo linalowezekana msimu huu huu.

Msimu nao una neno lake. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kuanzia Novemba hadi Mei hakuna anayeweza kuuahidi umati anga kavu. Wikendi za kweli za maonyesho ya wazi ni chache, kuanzia Juni hadi Oktoba, na kila moja ikipotezwa kwa hotuba na maandamano ya vikundi hairudi mpaka mwaka mwingine. Ndiyo maana muda si suala la ukarimu wa mwandaaji. Ndiyo mali adimu kuliko zote alizonazo.

Mji huu mdogo wa mgombani uliwahi kuishangaza nchi mwaka 1986, Tukuyu Stars ilipotwaa ubingwa wa soka wa Tanzania mbele ya vigogo wa Dar es Salaam. Hakuna aliyeiambia timu ile icheze dakika tano kisha ipishe. Waandaaji wa wikendi ijayo ya ngoma na maigizo Rungwe waanze na jambo moja lisilo na gharama: kabla ya kuchimbia nguzo za turubai, wachore kwanza duara, kisha wamtafutie mgeni rasmi nafasi ukingoni mwake, pamoja na watu.