Fahamu: Kwa nini maji ya vinywaji huondolewa oksijeni kiwandani

Bia inayouzwa mjini Singida aghalabu hufika kwa lori kutoka viwanda vya mbali kama vile vya Mwanza na Arusha, na kabla ya kufunguliwa yaweza kukaa wiki nyingi dukani katika joto, muda unaotosha oksijeni iliyoyeyuka ndani yake kufanya uharibifu.

Oksijeni hiyo huweza kuingia pamoja na maji ya kiwandani. Maji yaliyo wazi kwa hewa, yakiwa na joto la nyuzi 25, hubeba pwani takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita, na hapa Singida, kwenye mwinuko wa mita kama 1,500, hukaribia 7, kwa kuwa, kama alivyobainisha Mwingereza William Henry mwaka 1803, hewa huyeyuka kwa kadiri ya kani inayoyagandamiza maji. Nacho kiasi hicho, ambacho samaki angekishukuru, kwa bia ni balaa, kwani huigeuza ladha ikafanana na karatasi nzito iliyoloa, huiharibu vitamini C katika maji ya matunda, na huitia soda povu la kero wakati wa kujaza chupa.

Basi mafundi wa bia, ambao aghalabu hawaridhiki mpaka oksijeni ipungue chini ya miligramu 0.05 kwa lita, huyanyunyiza maji ndani ya mnara uliofyonzwa hewa, au huyapuliza kwa hewa ya kaboni inayoifukuza oksijeni. Kuyachemsha nako hufaa, illa gharama ya moto ni nzito.

Mtukuru, pombe ya kienyeji ya Wanyaturu wa Singida, hauhitaji taabu hiyo, maana hunywewa ungali ukichacha, na hamira iliyo hai huimaliza oksijeni kabla mnywaji hajashika kata.